Nyuma ya picha ya Bibi pameandikwa 79. Ni mwaka gani huo?

#1 MjukuuWaMakorora
Shikamoo wakubwa. Bibi ametutoka, arobaini imeshapita, na ukoo umekubaliana kwamba siku ya hitima ya mwaka vitu vyake vitandazwe sebuleni watu wavione: mikeka na misala aliyosuka, daftari la mashairi aliyoandika kwa herufi za Kiarabu, kaseti moja anayoimba taarabu, na picha moja. Alikuwa mtu wa safari na mtu wa mikono. Kila aliporudi, ukili wake (ule utepe wa ukindu unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka) ulikuwa na mtindo wa huko alikotoka.

Kila kitu tunataka kukiwekea kikaratasi cha mwaka. Picha ndiyo imetukwamisha. Ni nyeusi na nyeupe, Bibi kasimama na mtoto wa kike wa miaka kama minne, nyuma yao zile pembe za ndovu za Mombasa. Nyuma ya karatasi kwa penseli: 79. Kanga aliyojitanda jina limekunjamana, linasomeka neno la mwisho tu, LEO. Mama anasema mtoto ni yeye, na yeye ni wa 1965. Mama mdogo anasema mtoto ni yeye, na yeye ni wa 1975. Tumewaweka meza mbili tofauti.

Nisaidieni mwaka. Na hivyo vingine nambieni namna ya kuvitunza visifie mikononi mwetu.

#2 BintiMkwakwani
Poleni. Kanga ya mtu wa Tanga inaishia LEO halafu mnauliza? WAJA LEO WAONDOKA LEO. Moderata funga uzi.

#3 Ngamiani_12
Pole mjukuu. 1979 inanipa shaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Mama wa Makorora na mtoto mkononi angepitaje Horohoro kwenda kupiga picha chini ya pembe?

#4 JahaziLaMoa
#3 umegeuza. Mpaka ndio uliotangulia: Tanzania iliufunga Februari 1977, Jumuiya ikafa katikati ya mwaka huohuo. Kufunguliwa ni Novemba 1983.

La pili, kufungwa kwa Horohoro si kufungwa kwa bahari. Moa ya kwetu na Vanga ya Kenya ni majirani. Kusi, upepo wa kusini, likishapoa, Agosti na Septemba, chombo kinachotoka huku kinakwenda kaskazini kwa upepo wa nyuma. Kurudi ndiyo kazi. Mwenye tanga hungoja kaskazi, upepo wa kaskazini, ya Desemba. Kwa hiyo usiwaulize wazee wa mtaani "Bibi alikwenda mwaka gani", hawatakumbuka. Waulize alikosekana muda gani. Aliyekwenda kwa basi alirudi wiki ya pili. Aliyekwenda na kusi akarudi na kaskazi alikosekana miezi mitatu au zaidi, na hilo jirani hasahau, maana kuna aliyebaki akilea watoto.

#5 Ngamiani_12
Nimekubali Februari. Kwenye jahazi sijakubali. Miaka hiyo vyombo vingi vilishafungwa mashine, havingoji kaskazi. Kipimo chako cha miezi kitawaingiza mkenge.

#6 JahaziLaMoa
Mashine inataka dizeli, na dizeli ya 1979 unaijua wewe? Haya tuendelee.

#7 KalamuYaMwanzi
Mjukuu, umesema Bibi aliandika mashairi kwa herufi za Kiarabu. Basi kabla ya kusema 79, hakikisha hizo ni tarakimu za Kizungu.

Sita ya Kiarabu ni ٦. Mtu aliyesoma shule za kawaida akiiona kwenye penseli iliyofifia ataiita saba bila kufikiri. Tisa ni ٩, ambayo haina tofauti na 9 yetu. Kwa hiyo ٦٩ ni sitini na tisa, na mjukuu atasoma 79. Angetaka kuandika sabini na tisa angeandika ٧٩, na hiyo saba ni kama V iliyosimama kwa ncha, hamngeisoma hata kidogo. Tarakimu hazisomwi kutoka kulia kama herufi, zinakwenda kushoto kulia kama zetu, kwa hiyo usizigeuze ukapata 96.

1969 Jumuiya ilikuwa hai, basi la Mombasa linapanda mtu na kapu lake, na mama yako ana miaka minne. Angalieni msimamo wa kalamu: ٦ huchorwa kwa mkato mfupi wa juu kisha mguu unashuka wima. Saba ya Kizungu mguu wake hulala kuelekea kushoto, na wengi huku waliipiga kijiti katikati.

#8 BintiMkwakwani
Mama mkubwa kashinda mechi kwa tarakimu ya ugenini.

#9 KalamuYaMwanzi
Bado. Kuna uwezekano wa tatu: mwaka wa Hijria. Watu wa daftari la namna hiyo waliandika mwaka wa Kiislamu na kukata karne kama tunavyokata sisi. Kama ni 79 ya 1379, huo mwaka ulianza Julai 1959. Kama ni 69 ya 1369, ulianza Oktoba 1949, na hapo pembe za Mombasa hazikuwapo, zilisimamishwa miaka ya 1950. Hiyo ya mwisho ifuteni. Ya 1379 msiifute.

#10 MjukuuWaMakorora
Ahsanteni sana. Nimefungua daftari. Namba za kurasa zote ni za Kiarabu. Lakini ukurasa wa nyuma kuna orodha ya watu waliokuwa wakidaiwa pesa za mikeka, na hapo namba ni za Kizungu, saba zake zina kijiti. Kwenye picha kijiti sikioni, ila penseli imefifia. Na kama ni 1959, mtoto si mama wala mama mdogo, hakuna aliyezaliwa. Hilo sijawaambia.

#11 StudioYaZamani
Mnapigania tarakimu wakati picha yenyewe hamjaihoji. Nani kasema alifika Mombasa? Studio nyingi za pwani zilikuwa na pazia lililochorwa: meli, ndege, msikiti, bustani, na pembe hazikosekani. Unalipa, unasimama mbele ya pazia, unarudi nyumbani umeshasafiri.

Kutofautisha ni hivi. Tazama miguuni. Nje, kivuli cha mtu na kivuli cha nguzo nyuma yake vinalala upande mmoja. Studio, kivuli cha mtu kinaanguka sakafuni kisha kinapanda kwenye pazia, au kuna vivuli viwili vya taa mbili. Tazama pia mahali sakafu inapokutana na mandhari: pazia huacha mstari au mkunjo, mara nyingine zulia. Na kama vidole vya miguu ya Bibi na ncha za pembe vimekolea sawasawa kwa ukali, jiulize. Lenzi ikifunguliwa sana, cha mita kumi nyuma huwa na ukungu. Pazia lipo hatua mbili nyuma, linatoka kali.

Na hiyo 79 yaweza isiwe mwaka kabisa. Mpiga picha aliandika namba ya negativu au ya oda nyuma ya picha kwa penseli, ili mwenyewe akija kuchukua asimpe ya mwingine. Ya mwaka ingekuwa na tarehe au jina la mji.

Karatasi: ikunje kidogo sana pembeni (usiivunje!). Ile ya zamani ni karatasi tupu yenye dawa upande mmoja, inajikunja yenyewe kama jani kavu. Ile iliyofunikwa plastiki pande zote mbili ilienea miaka ya 1970, inalala bapa na mgongo wake unateleza. Ikiwa ya plastiki, 1959 na 1969 zinaanguka. Ikiwa ya zamani, hamjapata kitu, maana studio za huku ziliendelea kutumia zilizokuwapo stoo kwa miaka mingi.

#12 Ngamiani_12
Kuhusu kivuli naongeza: saa sita mchana kivuli kiko chini ya miguu, huwezi kuhukumu. Tusiite pazia kwa sababu hiyo tu.

#13 MjukuuWaMakorora
Picha imegandana na kioo cha fremu, hiyo ya kukunja siwezi. Nyuma tumeiona kwa kutoa ubao. Nikiibandua kwa maji ya uvuguvugu?

#14 StudioYaZamani
USIBANDUE. Dawa ya picha ni jelatini, ikipata unyevu inalainika na kushika kioo kama gundi. Ukivuta, uso wa Bibi unabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe unabaki nayo mkononi. Maji yamefaulu kwa wengine, ila ni kamari, na unayo nakala moja.

Iskani pamoja na kioo chake. Safisha kioo kwa nje na kitambaa kikavu, lalisha kwenye skena, nukta 600 kwa inchi, hifadhi kama TIFF. Kama skena haina nguvu ya kuona kupita kioo, ipige kwa kamera: picha wima, kamera kwenye stendi, taa mbili kushoto na kulia kwa nyuzi 45, zima taa ya dari, na wewe vaa shati jeusi, la sivyo utajiona mwenyewe kwenye buibui la Bibi. Inayokwenda ukutani iwe nakala. Ya asili ilale gizani.

#15 UkiliWaPangani
Wanaume mmejaa kwenye picha moja, mikeka imeachwa na mdudu. Mjukuu, mikeka ikoje?

#16 MjukuuWaMakorora
Shikamoo bibie. Iko minne na misala miwili, imekunjwa juu ya kabati. Ukiutikisa mmoja unaanguka unga kama wa mahindi. Shangazi anataka kuipaka mafuta ya taa.

#17 UkiliWaPangani
Marahaba. Mwambie shangazi aache. Mafuta ya taa yanachora doa lisilotoka, harufu inakaa mwaka, na watu mtakuwa mmewasha udi sebule hiyohiyo. Jua nalo linaua wadudu wachache na rangi yote. Ukindu uliotiwa rangi ya unga ya dukani ukianikwa siku tatu nyekundu inakuwa ya maji ya kahawia.

Huo unga ni vumbi la mdudu anayekula ndani. Pangusa kwanza kwa brashi laini, ukifuata mwendo wa ukili, nje ya nyumba. Viringisha, usikunje. Funga kwenye nailoni nzito, kamua hewa, bandika seloteipu, weka friza ya kugandisha nyama wiki mbili. Umeme ukikatika ikayeyuka, hesabu inaanza upya, maana mdudu aliyepoa kidogo anaamka. Ukitoa usifungue nailoni, iache siku nzima ipate joto la chumba. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa yetu ya pwani unatua juu ya ukindu, na umebadilisha mdudu kwa ukungu.

Mkeka usiotosha friza kwa sababu ya upana unafumuliwa mshono mmoja, sehemu mbili, kisha unashonwa tena. Usiogope, ukili umeunganishwa kwa kushonwa, haukusukwa mkeka mzima kwa pamoja. Ila mshone kwa uzi wa ukindu kama ulivyokuwa. Uzi wa nailoni ni mgumu kuliko ukili, unakata ukingo kama wembe.

Kuhifadhi: bomba la plastiki la inchi nne, lifunge kanga kuukuu iliyofuliwa bila blu, viringisha mkeka uso ukiwa nje. Mkeka uliokunjwa unavunjika pale pale penye kunjo, kila mwaka nyuzi mbili tatu.

#18 Ngamiani_12
Na kikaratasi cha mkeka kiandikwe nini? Wageni watauliza "alisuka kwa muda gani".

#19 UkiliWaPangani
Andikeni kazi, msiandike sifa. Chukua mkeka wa futi sita kwa nne, yaani sentimita 180 kwa 120. Ukili wa vidole vitatu ni kama sentimita 5. Gawanya eneo kwa upana: unahitaji mita 43 za ukili, pima 24 hivi (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na pima mbili za akiba kwa ncha na makosa. Hizo pima 26 zote zimepita kidoleni. Kabla yake kuna kukata kilele cha mkindu ambacho hakijakunjuka, kuanika mpaka kiwe cheupe, kuchemsha na rangi, kuanika tena kivulini, kuchana kila jani kwa ukucha au sindano ili upana uwe mmoja. Upana ukipishana, ukili unapinda kama nyoka na mkeka hautalala.

Kisha kuna maji. Ukindu mkavu unakatika kwenye kunjo. Ukindu uliolowa sana unasukika vizuri, unafurahi, na ukishakauka unasinyaa, mkeka unaacha mianya ya kupitisha njiti ya kiberiti. Inua mkeka wa Bibi dirishani. Usipoona mwanga kwenye ukili, alikuwa akinyunyiza kwa ncha za vidole, halowanishi.

Na msiandike "ukili wa Pemba" au "wa Lamu" kwa kutazama rangi. Rangi ni ya duka moja. Hesabuni nyuzi za ukili na mchore mpishano wake.

#20 BintiMkwakwani
Nilikuja kutania nimeondoka na hesabu ya darasa la saba.

#21 FundiKaseti
Habari za humu. Kaseti jamani, nani kaigusa?

#22 MjukuuWaMakorora
Bado. Ni C90, ya dakika 90, imeandikwa "Msa", yaani Mombasa, kwa kalamu ya bluu. Redio kaseti ya jirani ipo.

#23 FundiKaseti
Usiitie kwenye redio ya jirani. Kwanza vunja vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asije akabonyeza kurekodi. Tazama chini katikati: kuna kisponji juu ya kibati cha shaba. Gundi yake hufa, sponji inadondoka, na bila sponji mkanda haukandamizwi kwenye hedi, ile sehemu ya mashine inayosoma sauti, utasikia sauti ya mtu aliye kisimani. Mkitupa kaseti kwa sababu hiyo mtakuwa mmemzika mara mbili.

Dawa: tafuta kaseti nzima yenye skrubu tano, ifungue, toa mkanda wake, hamishia mkanda wa Bibi humo. Fungua ganda likiwa bapa mezani, usiliinue, magurudumu yakiruka mkanda unakuwa tambi. Kama ganda la Bibi limegundishwa, lichokonoe kwa wembe ukianzia upande wa mgongo. Ukiona unga mweupe ukingoni mwa mkanda huo ni ukungu, usizungushe, kaushe kwanza kwenye chombo kilichofungwa chenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu.

Kabla ya kucheza, zungusha mpaka mwisho kisha urudishe, ili mkanda uliokaa miaka ulegee. Safisha hedi kwa spiriti na pamba ya masikio. Kisha cheza, na kwa bisibisi ndogo geuza ile skrubu ya pembeni mwa hedi, polepole, mpaka "s" na "sh" za Bibi zing'are. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake. Ukipata mwinamo, umepata nusu ya sauti iliyopotea. Rekodi kwenye kompyuta kwa WAV, biti 24. MP3 tengeneza baadaye ya kutumiana.

Kuhusu mwaka: kaseti zilianza 1963 kule Ulaya, lakini C90 mkononi mwa mama wa Tanga mwaka 1969 si jambo la kila siku. Kama "Msa" ni safari ileile ya picha, naelekea 1979.

#24 KalamuYaMwanzi
Au ilinakiliwa baadaye kutoka kwenye utepe mkubwa wa klabu. Taarabu ilikuwa ikirekodiwa kwa mashine kubwa kabla ya kaseti.

#25 FundiKaseti
Inawezekana. Kipimo: nakala ina miungurumo miwili ya umeme, moja juu ya nyingine, na kati ya nyimbo ya kwanza inakatika ya pili inabaki. Mjukuu usikilize kwa spika za masikioni.

#26 KalamuYaMwanzi
Daftari sasa. Msimpe mtu asome neno moja moja kama kamusi. Maandishi ya zamani, ب husimama kwa b, p na mb. ف kwa f na v. د kwa d na nd. Neno moja lina sura tatu. Soma kwa sauti na uhesabu mizani: shairi la mizani nane kwa nane litakataa lenyewe neno lisilo lake.

#27 UkiliWaPangani
Mwalimu hapo umeteleza. Kaba, kapa na kamba zote ni mizani mbili. Zitapita zote.

#28 KalamuYaMwanzi
Kweli bibie, nimekosea. Mizani inasaidia pale vokali au silabi ilipoachwa. Kwa kaba na kamba kinachoamua ni kina: neno likiangukia kituo cha katikati au mwisho, tazama mishororo mingine ya ubeti inamalizia nini. Kama neno liko katikati ya kipande, inabaki maana. Andikeni usomaji wote miwili pembeni kwa penseli laini kwenye nakala, kurasa za Bibi zisiguswe.

#29 Ngamiani_12
Kanga tumeisahau. Hizo herufi LEO zinasomeka sawa, hazijageuka? Basi picha haikuchapwa kinyume. Na jina la kanga kwa kawaida hukaa nyuma ya mtu. Kama linaonekana mbele kwenye picha, mjitandaji kaligeuza makusudi. Alikuwa na mtu wa kumsomesha.

#30 BintiMkwakwani
Nilisema mimi. Waja leo waondoka leo, anaambiwa mwenyeji wake wa Mombasa.

#31 JahaziLaMoa
Au YA JANA SI YA LEO, anaambiwa mume.

#32 Ngamiani_12
Mwaka haitasaidia. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa 1968. Ikiwa ni kanga ya Urafiki, 1969 na 1979 zote zinapita, inakufa ile 1959 peke yake. Ikiwa ni ya nje, zote tatu zinabaki. Kanga yenyewe ipo?

#33 MjukuuWaMakorora
Haipo, ilibebea watoto mpaka ikawa tambara.

Taarifa: mikeka imeingia friza ya mwenye bucha, siku ya nne, umeme haujakatika. Picha nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Miguuni kuna kivuli kimoja, kifupi, kinalala kulia. Cha nguzo sikioni, mtoto kaziba. Mzee wa jirani kasema Bibi aliwahi kukosekana "mfungo mzima na zaidi", ila mwaka hajui. Kaseti inaunguruma, lakini sijui kama muungurumo ni mmoja au miwili.

Tarakimu ya kwanza, mguu umesimama wima. Katikati yake kuna alama ndogo sana, yaweza kuwa kijiti, yaweza kuwa mkwaruzo wa ubao wa fremu.

#34 StudioYaZamani
Mwanga usiupige kutoka juu. Zima taa, shika tochi ubavuni, karibu ilingane na karatasi, uizungushe pande zote nne huku unapiga picha. Penseli inaacha mfereji hata ikifutika. Kijiti cha penseli kitakuwa shimo lenye kingo laini, mkwaruzo utachana nyuzi za karatasi na kutoa manyoya meupe.

#35 MjukuuWaMakorora
Nitapiga usiku, Mama na Mama mdogo wakishalala.